Wimbo Ukizimwa: Kazi Inayomngoja Mwongozaji wa Video za Muziki Kwenye Filamu Ndefu

Msanii anayeonekana kwenye video akitembea taratibu chini ya mvua, nguo ikipepea kana kwamba iko ndani ya maji, na bado midomo yake inakwenda sawasawa na maneno ya wimbo, siku ya kushuti aliimba mbio. Hesabu yake ni nyepesi. Video itachezwa kwa fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, kwa hiyo kamera inawekwa kwenye fremu 50. Wimbo nao unaandaliwa nakala yenye kasi maradufu, na nakala hiyo ndiyo inayopigwa kwenye spika. Msanii anaimba kwa kasi hiyo mpaka pumzi inamwishia. Picha ikirudishwa kwenye fremu 25, mwili wake unakwenda nusu ya mwendo, na midomo inaangukia palepale penye wimbo wa kawaida.

Ujanja huo anaujua kila aliyewahi kuongoza video mbili tatu. Ndani yake kuna siri ya kazi nzima: kwenye video ya muziki, wimbo ndio bosi. Kamera inaufuata, msanii anaufuata, mhariri anaufuata. Mwongozaji anapohamia filamu ndefu, watu humuuliza kama ataimudu bajeti kubwa, kama anazijua kamera kubwa, kama ana hadithi. Ni maswali ya haki. Ila linalowaangusha wengi ni lile lisiloulizwa: wimbo ukizimwa, nani atashika zamu yake?

Maana wimbo hufanya kazi tatu kwa mpigo. Kwanza unapanga muda. Wimbo wa dakika tatu na nusu una utangulizi, ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, na sikio la mtazamaji linajua kiitikio kinarudi, kwa hiyo hachoki kusubiri. Mdundo wa mapigo 120 kwa dakika unampa mhariri pigo moja kila nusu sekunde, sawa na fremu kumi na mbili na nusu. Akikata picha kwenye pigo la kwanza la kila duru ya mdundo, video itakuwa na mwendo hata kama picha zenyewe hazihusiani. Pili, wimbo ndio sauti yote. Jenereta linaweza kunguruma mita tano nyuma ya kamera, na mwongozaji anaweza kupaza sauti "geuka, tazama huku, cheka!" shoti ikiendelea, na hakuna kitakachosikika. Tatu, wimbo ni gundi. Msanii yuko ufukweni na shati jeupe, sekunde inayofuata yuko juu ya gari na koti jekundu, kisha karudi ufukweni. Hakuna anayeuliza kabadilisha nguo saa ngapi, kwa sababu sauti haikukatika.

Filamu ya dakika tisini inanyang'anya vyote vitatu kwa siku moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Belly ya mwaka 1998, filamu ya Hype Williams, mwongozaji ambaye video zake za hip hop na R&B za miaka ya tisini ziliigwa dunia nzima. Inaanzia klabu ya usiku: wahusika wanaingia chini ya taa za urujuani, macho yanang'aa, ngozi inameta, na juu yake inasikika sauti tupu ya wimbo wa Soul II Soul, bila ala. Dakika hizo bado zinafundishwa na kuigwa hadi leo, na zinastahili. Lakini wimbo unapokwisha, wahusika walewale wanapaswa kukaa sebuleni na kuongea, na hapo filamu inalegea. Picha haikupungua uzuri hata kidogo. Kilichopungua ni sababu ya mtazamaji kutaka kujua sini, yaani onyesho, inayofuata. Hiyo ndiyo filamu ndefu pekee aliyoiongoza.

Njia yenyewe ya kutoka video kwenda filamu si ya kubahatisha, imeshapitiwa na wengi. MTV, chaneli ya Marekani ya video za muziki, ilipofungua matangazo tarehe 1 Agosti 1981, video ya kwanza kurushwa iliongozwa na Russell Mulcahy, na kufikia 1986 alikuwa ameshatoa Highlander. Baada yake wakaja David Fincher, Spike Jonze, Michel Gondry, Antoine Fuqua, Jonathan Glazer, Melina Matsoukas, na wale wawili wanaojiita Daniels, ambao filamu yao ya 2022, Everything Everywhere All at Once, ilizoa Oscar saba. Ukiwapanga hivyo unadhani ni barabara ya lami. Ukiangalia filamu ya kwanza ya kila mmoja, unaona walivyotofautiana katika jambo moja: skripti ilikuwa mikononi mwa nani, na ilikuwa tayari kiasi gani.

Fincher aliingia vibaya. Alikuwa ameshaongoza Express Yourself na Vogue za Madonna, na alipokabidhiwa Alien 3 hakuwa ametimiza miaka thelathini. Studio ilikuwa imeshatumia mamilioni ya dola kwa wazo la mwongozaji aliyetangulia, seti zilikuwa zinajengwa Uingereza, na skripti haikuwa imekamilika. Kurasa ziliandikwa upya huku kamera zikizunguka. Kwenye video hilo halina madhara, maana wimbo umeshakamilika kabla hujafika lokesheni: ukibadilisha wazo saa nne asubuhi, dakika tatu na nusu bado zipo palepale. Kwenye filamu, ukibadilisha ukurasa wa 80 umeivunja sini ya ukurasa wa 12 uliyoimaliza wiki tatu zilizopita. Filamu ilitoka 1992, na Fincher aliikana. Alirudi kwenye matangazo na video, na filamu aliyofuatisha, Seven ya 1995, ilisimama juu ya skripti iliyoandikwa na Andrew Kevin Walker ikakamilika.

Jonze na Gondry waliingia kwa mlango mwingine. Wote wawili walianza filamu ndefu kwa skripti za mtu mmoja, Charlie Kaufman. Hawakujifanya waandishi kwa sababu tu ni wabunifu wa picha. Hili linahitaji kusemwa kwa sauti hapa kwetu, ambako mwongozaji wa video amezoea kuandika wazo lake kwenye ukurasa mmoja, kushika kamera mwenyewe, kuhariri mwenyewe na kurekebisha rangi za picha mwenyewe. Tabia hiyo inaokoa pesa kwenye video. Kwenye filamu ndefu inamnyima mtu wa kumwambia kwamba sini ya tisa na ya kumi na nne zinasema jambo lilelile.

Filamu ndogo ndiyo yenye nafasi

F. Gary Gray ndiye wa kuigwa na mwenye bajeti finyu. Mwaka 1993 aliongoza video ya Ice Cube ya It Was a Good Day, inayofuata siku moja ya kijana mmoja Los Angeles. Filamu yake ya kwanza, Friday ya 1995, nayo ni siku moja, mtaa mmoja, vijana wawili barazani. Ilishutiwa kwa takriban siku 20 kwa bajeti ya dola milioni tatu na nusu hivi, na ikakusanya zaidi ya milioni 27. Hakuongeza ukubwa wa dunia yake. Aliirefusha ile aliyokwisha kuimudu, akaweka uzito kwenye maneno.

Nairobi nako kuna mfano kama huo. Mwaka 2010 kundi la Just a Band lilitoa video ya Ha-He, yenye Makmende, shujaa ambaye jina lake ni maneno ya mwigizaji Clint Eastwood, "make my day", yaliyotafunwa na watoto wa mitaani mpaka yakawa Kinairobi. Video ile ilisambaa mtandaoni kuliko video yoyote ya Kenya iliyoitangulia. Mmoja wa wanakundi, Mbithi Masya, ndiye aliyeongoza Kati Kati ya 2016. Mtu angetegemea filamu ya ngumi na mbwembwe. Badala yake alitengeneza hadithi ya dakika 75 hivi: msichana anazinduka nyikani bila kukumbuka alikotoka, anafika kwenye hoteli ya porini, na anakuta wakazi wake wote ni marehemu wanaosubiri. Lokesheni kuu moja, watu wachache, hakuna vitu vya kulipua. Ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa kwenye tamasha la Toronto mwaka huohuo. Jina lenyewe linaeleza mahali, linaeleza hali ya wahusika, na linaeleza bajeti: unachokihitaji ni sehemu moja unayoweza kuishika kwa wiki kadhaa bila kufukuzwa.

Kurasa, siku, na sini ya mezani

Kipimo cha filamu ni ukurasa. Skripti iliyopangwa kwa mtindo wa kawaida wa sinema huhesabiwa ukurasa mmoja kwa dakika moja, na kila ukurasa hugawanywa sehemu nane ili hata sini ya mistari mitatu iwe na hesabu yake. Filamu yenye bajeti ndogo hushuti kurasa tatu hadi tano kwa siku. Skripti ya kurasa 95, kwa kurasa nne kwa siku, ni siku 24, yaani wiki nne za siku sita. Hesabu hii hudanganya sehemu moja tu: kitendo. "Magari mawili yanagongana" ni mstari mmoja kwenye karatasi na siku nzima barabarani. Msaidizi wa kwanza wa mwongozaji anapaswa kukaa na skripti na kalamu nyekundu kabla ya ratiba yoyote, na mwongozaji aliyezoea kujipangia siku yake mwenyewe asimwone kama karani. Huyo ndiye saa yake mpya.

Chukua sini ya kawaida kabisa: mama na binti mezani, kurasa mbili, chai na chapati. Mwongozaji wa video ataiona haina picha. Sasa ihesabu. Shoti pana inayowaonyesha wote wawili. Shoti juu ya bega la mama kumtazama binti, na juu ya bega la binti kumtazama mama. Uso wa kila mmoja kwa karibu. Hizo ni nafasi tano za kamera. Kila nafasi inahitaji taa kusogezwa, tuseme dakika 25, halafu marudio manne au matano ya dakika mbili mbili. Saa tatu zimekwisha, na hujapiga picha ya mkono unaoficha barua chini ya sahani, ambayo ndiyo hadithi yenyewe.

Makosa mawili hutokea kwenye meza hiyo. La kwanza ni mstari. Vuta kamba ya kufikirika kutoka pua ya mama hadi pua ya binti, kisha chagua upande mmoja wa kamba na ubaki huko. Mama akitazama kulia kwenye shoti zake, binti atatazama kushoto, na jicho litaelewa wanatazamana. Ukiruka kamba kwa sababu upande wa pili una dirisha zuri, wote wawili watatazama upande mmoja, kana kwamba wako kwenye basi. Kwenye video, kuruka huko ni nguvu. Hapa ni mtazamaji kuchanganyikiwa bila kujua kwa nini. La pili ni mwendelezo. Chapati ilikuwa nusu kwenye shoti pana, ikawa nzima kwenye uso wa karibu. Filamu haishutiwi kwa mpangilio wa hadithi. Hushutiwa kwa lokesheni, kwa hiyo sini ya 7 na ya 61 zinaweza kupigwa asubuhi moja, na jeraha la shavuni linapaswa kuwa bichi saa tatu na kovu saa tano. Anahitajika mtu mmoja ambaye kazi yake pekee ni kuandika na kupiga picha haya: nywele, kikombe kiko mkono gani, neno gani lilisemwa mkono ulipoinuka. Ni mshahara wa kwanza kukatwa na mwongozaji anayetoka kwenye video. Wakati wa kuhariri ndipo anapojua alikata nini.

Mwigizaji si msanii aliyeacha kuimba

Msanii kwenye video anatazama lenzi, na ni vizuri atazame: anaongea na shabiki. Mwigizaji anaongea na mwenzake. Mwongozaji aliyezoea kupaza maelekezo shoti ikiendelea anagundua kwamba sasa lazima anyamaze, na kila alichotaka kusema kisemwe kabla. Namna ya kukisema nayo ni ngeni. "Kuwa na huzuni" ni maelekezo ya video, yanaleta sura ya huzuni. "Mzuie asiondoke, lakini asijue unamzuia" ni maelekezo ya filamu, kwa sababu yanampa mtu kitu cha kufanya, na huzuni inajitokeza yenyewe. Fuqua, aliyeongoza video ya Gangsta's Paradise, alifika kwenye Training Day ya 2001 akiwa na watu wawili ndani ya gari kwa sehemu kubwa ya filamu, na Denzel Washington akaondoka na Oscar. Glazer, bingwa wa picha za ajabu kwenye video za Radiohead na Jamiroquai, alianza na Sexy Beast, filamu inayobebwa na Ben Kingsley akifoka ndani ya nyumba moja Hispania. Hao hawakukimbia maneno. Waliyafuata.

Kwa usaili, fanya hivi: mpe mtu sini ambayo yeye hana maneno mengi, msomee mistari ya mwenzake, na uitazame sura yake anaposikiliza. Nyota wa muziki mwenye wafuasi milioni anaweza kuwa moto anapoongea na jiwe anaposikiliza. Shoti zake nyingi kwenye filamu zitakuwa za kusikiliza.

Sauti, mahali pesa hupotea kimyakimya

Filamu nyingi za kwanza za waongozaji wa video zina picha nzuri na sauti mbovu, na sababu inaeleweka: kwa miaka mitano au kumi hawakuwahi kurekodi sauti hata mara moja. Mtazamaji husamehe picha yenye chengachenga. Neno asilolisikia halisamehi, na anazima.

Fundi sauti aje kukagua lokesheni kabla haijalipiwa, na aje saa ileile mtakayoshuti. Nyumba nzuri ya Kinondoni saa nne asubuhi inaweza kuwa kando ya gereji saa nane mchana. Bati bila dari ni marufuku msimu wa mvua. Vipindi vya adhana vinajulikana, viandikwe kwenye ratiba badala ya kulaumiwa. Jenereta liwekwe mbali, mita hamsini au zaidi, nyuma ya jengo, na nyaya ndefu zinunuliwe mapema. Chumba chenye vigae na kuta tupu kitaleta mwangwi: ning'iniza blanketi nje ya fremu, tandika zulia chini ya meza. Feni na friji vizimwe. Kuhusu friji, mafundi wa sauti wana desturi nzuri: mwenye kuizima huweka funguo za gari lake ndani yake, ili asiweze kwenda nyumbani bila kuiwasha tena na samaki wa mwenye nyumba wasioze.

Rekodi kwa kHz 48 na biti 24. Maiki ya fimbo ndefu ndiyo kuu, na zile ndogo za kubandika kifuani ni akiba, maana kanga mpya yenye wanga na shanga za shingoni zitazichakaza kwa mikwaruzo. Kabla ya kuondoka kila lokesheni, watu wote wasimame walipo na mrekodi ukimya wa chumba kwa sekunde 30 hadi dakika moja. Kila chumba kina ukimya wake, na mhariri atauhitaji kuziba kila tundu atakalolikata kati ya maneno. Ukiusahau, kila mkato utasikika kama mlango unaofunguliwa na kufungwa. Na shoti ya mwendo wa taratibu, fremu 50 au 100, haina sauti ya kutumika. Mwongozaji anayeipenda sana anajipangia wiki za kurekodi upya maneno studio, na hapo waigizaji huwa wameshapoteza joto la siku ile.

Kuna faida kubwa ya kujua haya mapema kuliko kuokoa pesa tu. Filamu ya Glazer ya 2023, The Zone of Interest, inaonyesha familia ya Kijerumani ikilea bustani kando ya ukuta wa kambi ya Auschwitz. Kamera haituonyeshi mauaji yanayotendeka nyuma ya ukuta. Tunayasikia tu. Ilipata Oscar ya filamu bora ya kimataifa, na nyingine ya sauti. Mtu aliyeanzia kwenye kazi ambayo sauti huletwa tayari alifika mahali ambapo sauti ndiyo inayobeba jambo zito kuliko yote kwenye filamu.

Nakala pia zinahitaji hesabu. Filamu ya dakika 90 kwa uwiano wa kumi kwa moja, yaani dakika kumi zilizopigwa kwa kila dakika itakayobaki, ni saa 15 za picha. Kwa faili la 4K la ProRes 422 HQ, aina ya faili la picha la ubora wa juu, kwa fremu 25, ni takriban gigabaiti 330 kwa saa, yaani terabaiti tano. Nakala tatu ni terabaiti 15, moja ikilala jengo tofauti. Kadi ya kamera isifutwe mpaka nakala mbili zimehakikiwa.

Na fremu ngapi kwa sekunde? Umeme wetu ni hezi 50. Ukishuti kwa fremu 24 na shata (kifaa kinachopima muda wa mwanga kuingia kwenye kamera) ya nyuzi 180, kila fremu inapata mwanga kwa 1/48 ya sekunde, na taa za bei nafuu zitapepesa. Kwenye video mtu ataita mtindo, kwenye sini ya msiba haitamkiki. Weka shata nyuzi 172.8, upate 1/50 kamili, inayolingana na umeme. Ukishuti kwa 25 na faili la sinema, DCP, likahitajika kwa 24, picha itapunguzwa mwendo kwa asilimia nne: dakika 90 zinakuwa 93 na sekunde 45, na sauti za watu zinashuka kidogo isiporekebishwa. Uamuzi huu ufanywe na prodyuza, mpiga picha na fundi sauti kabla ya siku ya kwanza, kwa maandishi.

Kuhariri bila mdundo

Mkusanyiko wa kwanza wa filamu karibu kila mara ni mrefu na unachosha. Mwongozaji wa video hushikwa na hofu, na mkono wake hukimbilia dawa anayoijua: anaweka wimbo juu ya sini. Ghafla sini inatembea. Ni hatari, kwa sababu wimbo umeficha ugonjwa. Sini ilikuwa inachosha kwa kuwa hakuna anayetaka kitu ndani yake, na bado hayupo. Siku wimbo ule utakapotolewa kwa kukosa kibali, ugonjwa utarudi ukiwa umebaki muda mchache wa kuutibu.

Hariri mzunguko wa kwanza bila muziki wowote. Badala ya pigo la ngoma, kata kwenye jicho: mtu anapoelewa jambo, macho yake husogea kabla ya mdomo, na hapo ndipo pa kumwonyesha. Acha sauti itangulie picha, tusikie swali tukiwa bado tunamtazama anayeulizwa. Halafu ita watu watano ambao hawajasoma skripti, keti nyuma yao badala ya mbele, na andika dakika ambayo kila mmoja aligusa simu.

Nani anamiliki nini

Video ya muziki ni tangazo. Msanii au lebo analipa, faida inarudi kupitia matamasha na usikilizwaji, na mwongozaji anapokea ujira wake akaondoka. Filamu lazima ijilipe yenyewe, na mnunuzi yeyote wa maana, awe kituo cha televisheni au mtandao wa kulipia, ataomba karatasi: mkataba wa mwandishi kuuza skripti, mkataba wa kila mwigizaji, ridhaa ya mwenye nyumba, ridhaa ya anayeonekana usoni, kibali cha muziki. Karatasi moja ikikosekana, mauzo yanasimama, na mtu asiyesaini siku ya kushuti kwa elfu hamsini atataka mamilioni siku mnunuzi anapogonga.

Muziki ndio unaowaponza wanaotoka kwenye muziki, kwa sababu wana marafiki. "Rafiki yangu kanipa wimbo wake" si kibali. Kila wimbo una haki mbili: utunzi, yaani maneno na melodi, ambao ni wa watunzi na mawakala wao, na rekodi yenyewe, ambayo mara nyingi ni ya lebo au studio. Zote mbili zinahitaji saini, kwa maandishi, zikitaja nchi, muda na aina ya matumizi. Ikiwa ndani ya mdundo kuna kipande cha wimbo wa mtu mwingine, kuna haki nyingine mbili za kuzitafuta. Tanzania, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo mahali pa kuanzia kujua kazi imesajiliwa kwa nani, na Bodi ya Filamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1976, inatoa kibali cha kupiga picha na kuikagua filamu kabla haijaonyeshwa. Kenya, uainishaji wa umri uko chini ya KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu. Weka muda wa kutosha wa kufuatilia, skripti ikiwa imekamilika, kwa sababu skripti ndiyo wanayoiomba.

Wapo waliopata njia ya kumrudisha yule bosi wa zamani, wimbo, kazini kwa cheo kingine. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, alikuwa mwanamuziki wa hip hop anayejiongozea video zake, kisha akatengeneza filamu fupi, kisha mwaka 2023 akaipeleka kwenye tamasha la filamu la Cannes filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, ikapata tuzo ya sauti mpya kwenye kitengo cha Un Certain Regard. Kiswahili kinasikika ndani yake. Inamfuata Koffi anayerudi Kongo na mchumba wake mzungu, na familia inayomhesabu kuwa amezaliwa na alama ya uchawi. Imegawanywa kwa wahusika wanne: Koffi, Paco, Tshala na Mama Mujila. Kabla ya kushuti, Baloji aliandika albamu nne, moja kwa kila mmoja wao, akiimba kutoka ndani ya kichwa cha mhusika huyo. Kwa hiyo alipofika lokesheni wimbo ulikuwa umeshamaliza kazi yake na spika zingeweza kuzimwa: alikuwa ameshajua Mama Mujila anamkasirikia nani, na anamkasirikia kwa nini.